Simu Haikukatika

Lile bunda la waya lilimponyoka Atupakisye mahali penye mteremko mbaya kuliko pote katika soko la Tukuyu, likaanza kubiringika kama lililoitwa huko chini.

"Shikeni jamani! Shikeni hilo!"

Lilipita katikati ya ndoo za maparachichi, likaangusha fungu la viazi, likamfanya mama mmoja muuza dagaa aruke kama msichana. Watu walicheka wakipisha njia. Hakuna aliyelishika, mpaka kijana mmoja mrefu aliyevaa sweta la buluu na viatu vilivyong'arishwa vizuri alipopiga magoti kwenye tope na kulikumbatia kwa mikono miwili.

Atu alifika akihema. Alikuwa amevaa ovaroli la kaki na mabuti ya mvua, na kichwani amejifunga kilemba cha kitenge cha manjano kilichokuwa kimemlegea kwa kukimbia.

"Ahsante, kaka. Ona sasa nilivyokuharibia sweta."

"Sweta hufuliwa," alisema yule kijana. "Ningeliacha lipite, saa hizi lingekuwa Kyela."

Atu alicheka bila kutaka. Alikuwa na haraka, tena alikuwa na aibu, lakini macho ya kijana yule yalikuwa na upole uliomfanya asimame kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Waya wote huu unafungia ng'ombe?"

"Nafungia hospitali. Ile ya binafsi pale juu, iliyopakana na mashamba ya chai. Wanataka Wi-Fi ya maana."

Uso wa kijana ukabadilika. "Kumbe wewe ndiye fundi Atu?"

"Na wewe ni nani unayelijua jina langu?"

"Edward. Ni daktari hapo hapo. Mimi ndiye niliyewasumbua wakubwa mpaka wakakubali kutafuta fundi." Akalibeba bunda begani, tope likimchirizika kifuani. "Twende. Ukiliangusha tena, sitakuwepo."

Tangu siku hiyo Atu alikuwa na kazi mbili: kufunga mtandao, na kujizuia kumtazama daktari.

Atu alikuwa amesomea kompyuta Mbeya, kisha akarudi Tukuyu kufungua kibanda chake karibu na stendi. Alitengeneza simu, akawafungia mtandao wenye nyumba za wageni, na jioni alirudi Ibighi kwa mama yake, Yudith, aliyebaki mjane na magoti yanayouma kila ukungu ukishuka. Hospitali ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Ikiharibika, mji mzima ungejua.

Majengo ya hospitali yalitawanyika mlimani, yakiunganishwa na korido ndefu yenye bati juu na wazi pembeni. Kila jengo lilikuwa na ruta yake, jina lake na neno lake la siri. Mtu akitoka wodi ya wazazi kwenda maabara, simu yake ilipoteza mtandao, na ilibidi aanze upya kuunganisha. Kwa mwenye kuangalia video za kuchekesha hilo ni kero tu. Kwa Edward halikuwa kero.

Alimweleza siku moja ya mvua, wamekaa kwenye ngazi za stoo wakila mahindi ya kuchoma.

"Daktari bingwa wetu yuko Mbeya. Dokta Nasma. Tukipata kesi ngumu tunampigia kwa video, anatuelekeza hatua kwa hatua. Kipindi cha masika nilikuwa naye kwenye simu, nambeba kichanga kutoka wodini kwenda thieta. Pale katikati ya korido simu ikakatika. Nikabonyeza, nikabonyeza. Ilipokuja kurudi…" Alilitazama hindi lake. "Nilijua kitu kimoja tu cha kufanya, naye alikuwa anataka kuniambia cha pili."

Atu aliweka hindi lake chini. Alimshika mkono tu, akauona ni wa baridi.

Mapenzi yakaingia hivyo, kimya kimya, kama ukungu unavyoingia ndani ya nyumba za Rungwe, unashtuka umeshafika mezani. Kukawa na simu za mchana.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi la dari."

"Vumbi halina vitamini, mpenzi. Shuka, nimekuwekea ndizi na maharage."

"Nani mpenzi wako? Mimi ni fundi wenu."

"Haya, fundi wetu. Shuka ule, mpenzi."

Lakini Atu alikuwa na woga wake, na hakuuficha. "Nilikuwa na mtu Mbeya," alimwambia. "Alikwenda Dar kutafuta kazi, akasema akifika atanipigia. Mpaka leo hajafika. Mimi mtu wa safari simsubiri tena, Edward. Nimekwisha kuapa."

Edward akaanza kuzungumzia mvua. Atu aliona jinsi alivyokwepa, akaliacha lipite.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Atu alikuwa amefunga akses pointi, vile visahani vyeupe vya kurushia Wi-Fi, kila jengo moja, zote kwa waya, zote kwa jina moja na neno la siri moja. Aliamini imetosha. Bwana Prosper, katibu wa hospitali, mtu wa suti ya kahawia asiyecheka, alitembea na simu yake akiongea na mtu wa Mbeya. Alipovuka maabara sauti ikakatika, akabaki akisema "haloo, haloo" kama kasuku.

"Binti," alimwambia, "ya zamani ilikuwa inakatika bure. Hii yako inakatika kwa gharama. Wiki ijayo Dokta Nasma anafanya majaribio rasmi. Ikishindwa, nawaita watu wa Mbeya waing'oe yote."

Usingizi ukamhama Atu. Chakula kikawa hakipiti. Mama Yudith alimtazama akisukuma ugali pembeni ya sahani, akasema, "Mwanangu, hiyo hospitali itakulaza wewe kabla ya wagonjwa."

Kila siku alitembea ile korido na simu mkononi, mbele na nyuma, akitazama alama ya mtandao ikipanda na kushuka, mpaka wagonjwa wakadhani naye ni mgonjwa. Hatimaye akaelewa. Edward alimkuta amekaa chini ya tangi la maji kando ya korido, anacheka peke yake.

"Nini tena?"

"Simu ndiyo inayoamua lini ihame, si mimi! Nilizifungulia hizi akses pointi nguvu zote nikidhani nasaidia. Kumbe simu ikitoka wodini inaendelea kuisikia ile ya wodini kwa mbali, inaing'ang'ania, wakati ya maabara iko hapo juu ya kichwa chake. Haiachii mpaka izimike kabisa."

"Kama mimi."

"Wewe bado hatujakupima."

Alizipunguza nguvu, kila moja isikike jengo lake na kupita kidogo tu kwa jirani. Akazipa njia tofauti za hewani zisigombane. Akawasha ule mpangilio wa kuzifanya zitambulishane wageni, ili simu ikifika jengo la pili isiulizwe upya neno la siri. Na nyingine moja akaifunga kwenye ukuta wa korido, mbele ya tangi la maji, kwa sababu tangi lile ndilo lililokuwa likiumeza mtandao mahali pale ambapo Edward alimpoteza mtoto.

Kisha akampigia kwa Wi-Fi. "Daktari, nipe matembezi. Anza wodi ya wazazi, nenda mpaka thieta. Usikate."

"Sawa, bosi wangu." Atu alikaa mapokezi, kompyuta magotini, spika za sikioni zimekaza. Alisikia hatua zake. "Natoka wodini… niko maabara. Bado upo?"

"Nipo."

"Haya, sasa nakaribia tangi. Hapa ndipo inapokufaga. Kwaheri, mpenzi wangu, tutaonana ahera."

Akasikia mkwaruzo wa kitambaa. Edward alikuwa ameitumbukiza simu kwenye mfuko wa koti bila kuitazama. Kwenye kompyuta, jina la simu yake lilitoka maabara likaingia korido, kisha likaingia thieta, laini kama mtu anayevuka kizingiti. Simu haikukatika. Atu aliinua mikono juu, machozi yakimlenga, akafungua mdomo apige kelele za furaha.

Ndipo akasikia sauti ya Monica, mkunga, mtu mzima aliyemchukulia Edward kama mdogo wake.

"Umemwambia?"

"Bado, dada Monica. Na wewe usimwambie."

"Unaondoka mwezi ujao, Edward! Mwanza si Kiwira hapo jirani. Miaka yote hiyo ya kusomea ubingwa, utamwambia ukiwa kwenye basi?"

"Ngoja kwanza amalize kazi. Nikimwambia sasa ataniacha."

"Na kazi ikiisha?"

Atu alizitoa spika masikioni kama zilizomuunguza. Hakusikia jibu.

Ngoja kwanza amalize kazi. Maneno hayo yalimzunguka kichwani njia nzima ya kwenda Ibighi, juu ya bodaboda, ukungu ukimpiga usoni. Kumbe ndiyo maana ya ndizi na maharage. Kumbe ndiyo maana ya mpenzi, mpenzi. Walimtaka fundi, na Edward alikuwa amepewa kazi ya kumtuliza.

Jioni simu iliita, akaiacha. Ikaita tena.

"Atu, mbona umeondoka bila kuaga? Imeshika? Ilikatika pale kwenye tangi?"

"Imeshika, daktari."

"Daktari? Leo nimekuwa daktari?"

"Nimechoka. Usiku mwema."

Siku zilizofuata alifanya kazi ameinamisha uso. Edward alimletea chai, akasema ameshakunywa. Alimuuliza amemkosea nini, akamjibu kuwa ana waya wa kubana. Mwishowe Edward naye akanuna kwa jinsi wanaume wanavyonuna, akipita korido akisalimia kila mtu isipokuwa yeye. Atu alipanga: majaribio yakiisha, atachukua ngazi yake, na hataikanyaga hospitali ile tena labda abebwe kwa machela.

Majaribio rasmi hayakufanyika. Asubuhi ya siku ile, wakati Bwana Prosper anapanga viti, pikipiki iliingia getini ikipiga honi mfululizo. Ilimleta bibi kizee kutoka Kisondela, na nyuma yake gari la jirani lilimleta binti yake aliyejifungulia nyumbani. Mtoto alikuwa mzima. Mama alikuwa akivuja damu, na khanga zake zilikuwa zimebadilika rangi zote.

Atu aliona kila kitu kutoka mapokezi. Alimwona Edward akikimbia, sweta lake la buluu likitupwa kitini. Alimsikia akiita, "Nipigieni Dokta Nasma! Video!"

Bwana Prosper alimgeukia Atu, uso umemgeuka majivu. "Binti. Itashika?"

Atu alitaka kusema ndiyo. Alifungua kompyuta, akakosea neno lake mwenyewe la siri.

Jina la simu ya Edward lilikuwa wodi ya wazazi. Kupitia mlango uliokuwa wazi alisikia sauti ya Dokta Nasma, tulivu, ya mwanamke aliyeona mengi. "Monica, bana kwa ngumi, usiachie. Edward, mpeleke thieta sasa hivi. Nabaki nawe. Nataka kumwona njiani."

Machela ikatoka. Monica alikuwa akitembea upande upande, mikono imebana tumbo la mgonjwa, jasho linamtiririka. Edward alisukuma kwa mkono mmoja, wa pili umeinua simu juu ya uso wa mama yule. Magurudumu yalipiga kelele kwenye saruji.

Atu hakuthubutu kuwatazama. Alitazama kompyuta.

Wodi ya wazazi. Bado wodi ya wazazi. "Hama," alinong'ona. "Mungu wangu, ihame." Jina likaonekana maabara. Alipumua, akakumbuka tangi. Aliwasikia wakikaribia mahali pale. Aliisikia sauti ya Edward ikipasuka, "Dokta? Dokta, bado upo?" na ndani ya swali lile kulikuwa na kile kichanga cha masika.

Korido.

"Nipo, Edward. Sijaondoka. Angalia midomo yake, inapauka. Ongeza mwendo."

Thieta.

Mlango ukafungwa. Atu aliifunika kompyuta, akaweka uso wake juu yake, akalia kwa kukatika katika kama mtoto, mbele ya Bwana Prosper na suti yake ya kahawia. Bwana Prosper alisimama kando, akakohoa, akamsogezea kiti chake.

Wakangoja. Bibi kizee alikaa sakafuni na mjukuu mchanga kifuani, akiomba kwa Kinyakyusa bila kupumzika. Mvua ikaja, ikapita. Mlango ulipofunguliwa, Edward alitoka kofia ikiwa mkononi.

"Daktali," bibi alisema akijaribu kuinuka, "mwanangu mzima?"

"Mzima, bibi. Amelala. Damu imesimama."

"Ndaga! Ndaga fijo, mwanangu!" Bibi alimshika miguu akimshukuru, Edward akamwinua, na juu ya bega la yule kizee macho yake yakakutana na ya Atu. Alikuja moja kwa moja.

"Haikukatika, Atu."

"Haikukatika," alisema Atu. "Hata siku ile ya matembezi haikukatika. Uliiweka mfukoni, mimi nikabaki nasikiliza."

Alimwona akielewa taratibu, uso ukishuka hatua kwa hatua.

"Ulisikia kuhusu Mwanza."

"Nilisikia ngoja kwanza amalize kazi. Sasa kazi imekwisha, daktari. Niambie."

"Sikuwa na maana hiyo. Hukusikia mwisho?"

"Mwisho wa nini? Nilikuwa bado na moyo wa kusikiliza?"

Edward alikaa chini pale pale ukutani, amechoka mpaka sauti. "Dada Monica aliniuliza kazi ikiisha itakuwaje. Nilimwambia nitakwambia, na ukiniambia nisiende, siendi. Niliogopa kukuchanganya ukiwa na Prosper shingoni. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni uoga tu, Atu. Uliniambia mtu wa safari humsubiri. Barua ya Mwanza ilikuwa tayari mezani kwangu siku hiyo."

"Ukaongelea mvua."

"Nikaongelea mvua."

Atu alitamani kumpiga, na alitamani kumfuta damu iliyokuwa imemkaukia shingoni. Hakufanya lolote kati ya hayo. "Ulichagua kwa ajili yangu," alisema. "Uliniona siwezi kubeba." Akachukua ngazi yake akaondoka.

Hakulala. Alijiuliza atamwambia nini: nenda, au baki? Akimwambia abaki, kila kesi itakayowashinda pale hospitalini itakuwa mkononi mwake. Alishaliona shimo lililoachwa na kile kichanga machoni mwa Edward leo. Akimwambia aende, atarudi kuwa yule msichana wa Mbeya anayeangalia simu isiyoita.

Jumapili baada ya ibada, Edward alibisha hodi Ibighi, shati jeupe limepigwa pasi, mkungu wa ndizi begani. Mama Yudith alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Mzee Lukasi, mama, wa Igogwe."

"Mwanangu hali chakula siku ya ngapi sijui. Ni wewe?"

"Nadhani ni mimi, mama."

"Basi ingia ule wewe kwanza, halafu mtoke nje mkaseme. Mimi magoti yananiuma, siwezi kuwakimbia."

Walitoka baada ya chakula, wakasimama kwenye njia ya migomba nyuma ya nyumba. Atu alikuwa amevaa gauni la zambarau la kanisani, mikono ameifunga kifuani.

"Utakwenda," alisema kabla Edward hajafungua mdomo. "Usinipe mimi huo mzigo wa kukuzuia. Ungebaki, kila ukipita ile korido ungenichukia kidogo."

"Atu…"

"Sijamaliza. Nina hofu, Edward. Nina hofu hapa tuliposimama. Na usiniambie nisiogope."

"Sikwambii. Mimi mwenyewe naogopa."

"Kwa hiyo hutaondoka hivi hivi. Leta wazee wako. Usiseme utawaleta ukirudi. Kabla ya safari."

Edward alimkodolea macho. "Unaniposa, fundi?"

"Nakuuliza. Ukinijibu kwa utani naingia ndani."

Utani ukamtoka. Alimshika mikono yote miwili, na safari hii yake ndiyo iliyokuwa ya moto. "Ndiyo. Ndiyo, mpenzi wangu. Jumamosi nakuja na baba na baba mdogo."

"Na mvua ikinyesha?"

"Tutakuja tumelowa."

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua ya Rungwe isiyojua kuchoka. Saa waliyoahidi ilipita. Mama Yudith alifunika vyungu mara ya pili. Atu alisimama mlangoni na lile gauni la zambarau, akiitazama njia iliyogeuka mto, akijiambia kwamba basi, ndivyo inavyokuwa, watu huenda. Aliirudia sentensi hiyo mpaka ikakosa maana.

Kisha kwenye kona ya chini ikatokea miavuli miwili, inapanda polepole, imewafunika wazee wawili wenye makoti. Mbele yao, bila mwavuli, alikuja Edward, amelowa chapachapa, shati limemgandia mwilini, akiwaonyesha wazee mahali pa kukanyaga.

"Mama," Atu aliita, "funua vyungu."